Anayetaka kuwa rubani aanzie kwa daktari kabla ya kwenda benki

VIJANA wanaolelewa katika mitaa ya Embakasi, Utawala, Pipeline, Donholm na Kayole huzoea mngurumo wa ndege hata kabla ya kujua kusoma. Si ajabu mtoto wa huko akiulizwa angependa kuwa nani ukubwani, akajibu bila kusita kwamba atakuwa rubani.

Hata hivyo, baina ya mngurumo huo na kiti cha rubani pana safari ndefu ambayo wengi huianza bila ramani. Zipo familia zilizouza shamba la urithi ili kumlipia mtoto karo ya urubani, kisha zikagundua kwamba leseni aliyopata haikumfungulia mlango wa kazi. Wapo pia waliotapeliwa na watu wenye maneno matamu hata kabla ya kuiona ndege kwa karibu.

Makala haya yanakusudia kueleza ngazi za taaluma hii, gharama zake na mitego yake, pamoja na kazi nyinginezo za usafiri wa anga ambazo kijana wa Eastlands anaweza kuzifikia kwa gharama nafuu zaidi.

Ndege na Eastlands

Kwa hakika, historia ya usafiri wa ndege jijini Nairobi haiwezi kutenganishwa na mitaa ya mashariki. Kabla ya mwaka 1958, ndege kubwa za abiria zilitua Eastleigh, mahali ambapo leo pana kambi ya jeshi la wanahewa ya Moi. Uwanja wa Embakasi uliofunguliwa mwaka huo ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau, miongoni mwa wengine. Jengo jipya la abiria lilizinduliwa Machi 1978, na baada ya Mzee Jomo Kenyatta kufariki Agosti mwaka uo huo, uwanja ukapewa jina lake.

Embakasi pia ndiko iliko Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki (EASA), iliyoanzishwa mwaka 1954 na ambayo sasa iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Nchini (KCAA). Kituo cha mafunzo cha shirika la Kenya Airways nacho kiko huko huko.

Shule nyingi za urubani, kwa upande wake, ziko katika uwanja wa Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Uwanja huo ulipewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929. Kwa mwanafunzi anayetoka Umoja au Dandora, kufika Wilson ni kupanda matatu mbili, na mara nyingi kuruka hupangwa asubuhi, hewa ikiwa bado imetulia. Nauli na muda wa safari ni sehemu ya gharama ambayo wazazi wengi husahau kuihesabu.

Ngazi za leseni

Kanuni za leseni nchini hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lililotokana na mkataba uliotiwa saini mjini Chicago, Marekani, Desemba 1944.

Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani wa binafsi. Kwa mujibu wa viwango hivyo, anayeiomba anapaswa kuwa na umri wa angalau miaka 17 na awe ameruka kwa saa zisizopungua 40, au 35 akisomea katika kozi iliyoidhinishwa. Baadhi ya saa hizo huwa peke yake ndani ya ndege, bila mwalimu. Leseni hii humruhusu kujirusha mwenyewe na rafiki zake, lakini haimruhusu kulipwa kwa kazi hiyo.

Ngazi ya pili ni leseni ya rubani wa biashara. Umri wa chini ni miaka 18, na saa zinazohitajika ni 200, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Hapa ndipo rubani anaporuhusiwa kulipwa. Aghalabu humlazimu pia kupata idhini ya kuendesha ndege yenye injini mbili, na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee pale ambapo mawingu au giza humzuia kuona nje.

Ngazi ya juu ni leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, ambayo ndiyo huhitajika kwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria. Huhitaji umri wa miaka 21 na saa 1,500.

Fauka ya hayo, rubani wa safari za kimataifa na mwongozaji wa ndege sharti wathibitishe kwamba wanazungumza Kiingereza kwa kiwango cha nne au zaidi katika mizani ya viwango sita. Sharti hili lilianza kutekelezwa Machi 2008.

Daktari kwanza

Kosa kubwa linalofanywa na wengi ni kulipa karo kabla ya kupimwa afya. Leseni ya biashara huhitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa baada ya uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Daktari huyo huchunguza macho, masikio, moyo, mapafu, akili na mambo mengineyo.

Kinyume na inavyodhaniwa mitaani, kuvaa miwani hakumzuii mtu kuwa rubani, maadamu miwani hiyo inamwezesha kuona kwa kiwango kinachotakikana. Lakini kushindwa kutofautisha rangi kunaweza kumfungia mlango, kwani taa za uwanja na alama za vyombo hutegemea rangi. Mtu anaweza kuishi miaka ishirini bila kujua kwamba ana tatizo hilo. Ni afadhali kuligundua kwa ada ya daktari kuliko kuligundua baada ya shamba kuuzwa.

Kwa hivyo ewe kijana, omba uchunguzi wa daraja la kwanza tangu mwanzo, hata kama unaanza na leseni ya binafsi ambayo hukubali daraja la pili.

Mtego wa saa 200

Karo ya urubani hutozwa kwa saa ya kuruka, na hadi leseni ya biashara jumla yake hufika mamilioni ya shilingi. Shule hupiga hesabu kwa kutumia saa za chini kabisa zinazokubaliwa na sheria, ilhali wanafunzi wengi huhitaji zaidi ya hizo. Mzazi anayepewa bei ya saa 40 anafaa kujiandaa kwa saa 50 au 60, pamoja na ada za mitihani, vitabu, sare na cheti cha afya.

Hebu tufanye hesabu. Mwanafunzi mwenye uwezo wa kulipia saa mbili kwa wiki atamaliza saa 40 kwa wiki 20, yaani takriban miezi mitano. Saa 200 zitamchukua wiki 100, karibu miaka miwili. Akikatiza kwa kukosa pesa, ujuzi hufifia, na akirudi hulazimika kulipia upya masomo aliyokwisha kuyafanya. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayebandua leo na kuacha kwa miezi sita hukuta gogo limeota tena.

Ndiyo sababu ni busara familia igawe safari hii kwa hatua. Kusanyeni kwanza pesa zote za leseni ya binafsi, mwana aimalize bila kukatiza, kisha mketi chini na kuamua. Msilipe karo ya kozi nzima kwa mkupuo hata mkiahidiwa punguzo. Shule ikifungwa au ndege zake zikikosa kibali cha kuruka, kurejeshewa pesa ni kazi ngumu.

Hata baada ya leseni ya biashara, mtihani mkubwa ungali mbele. Rubani mwenye saa 200 hushindania nafasi chache na wenzake wengi, na waajiri wengi hupendelea mwenye saa zaidi. Baadhi ya marubani hukusanya saa kwa kuwa walimu katika shule za urubani. Wengine huanzia katika ndege ndogo zinazopeleka watalii Maasai Mara au mizigo katika nchi jirani.

Soko lenyewe hubadilika bila kutoa ilani. Lokichoggio, Turkana, kulikuwa kitovu cha ndege za misaada kwenda Sudan Kusini kuanzia mwaka 1989, kisha shughuli hizo zikafifia. Somalia ilizuia miraa ya Kenya Machi 2020, na ndege zilizokuwa zikiibeba kutoka Nairobi zikakosa mzigo hadi Julai 2022. Kampuni ya Jetlink ilisimamisha safari zake Novemba 2012. Janga la Covid-19 nalo lilifunga safari za abiria za kimataifa nchini kuanzia Machi hadi Julai 2020, na wengi wakapoteza ajira. Anayeingia katika kazi hii kwa mkopo anafaa kujiuliza atalipaje endapo ndege zitaegeshwa kwa miezi minne.

Usalama pia usipuuzwe. Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo iligongana angani na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki, nayo ndege ya abiria ikarudi na kutua salama. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama shule ina kibali cha KCAA ambacho hakijapitwa na wakati, ina ndege ngapi zinazoruka kwa kweli, na ina walimu wangapi. Zungumza na wanafunzi wanaoendelea, wala usitosheke na maneno ya afisa wa usajili.

Kazi nyingine za anga

Urubani ni kazi moja tu miongoni mwa nyingi. Kila ndege inayoondoka Embakasi hutegemea watu ambao abiria hawawaoni.

Fundi wa ndege mwenye leseni ndiye hutia saini kwamba ndege inafaa kuruka. Viwango vya ICAO hutaka awe na umri wa miaka 18 na tajriba ya miaka minne, au miwili akiwa amefuata kozi iliyoidhinishwa. Wanaopenda uhandisi wa ndege wanaweza kusomea shahada katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya au Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mwongozaji wa ndege, anayezipa ndege ruhusa ya kutua na kupaa, huhitaji umri wa miaka 21 na cheti cha afya cha daraja la tatu kabla ya kupewa leseni. Afisa wa mipango ya safari hukokotoa mafuta, uzito na hali ya hewa, naye pia hupewa leseni akiwa na miaka 21. Kuna vilevile wahudumu wa ndani ya ndege, wakaguzi wa usalama, wanaoshughulikia mizigo na wanaoandaa chakula cha abiria. Mafunzo ya kazi kadhaa kati ya hizi hutolewa na EASA papo hapo Embakasi, mwendo mfupi kutoka Pipeline na Fedha.

Kuanzia chini si aibu. Anayepakia mizigo leo hujifunza lugha na nidhamu ya uwanja, na mshahara wake waweza kumlipia masomo ya jioni. Usiache mbachao kwa msala upitao: mwenye kazi ya uwanjani asiiache kwa ahadi ya urubani ambayo bado haina pesa mkononi.

Matapeli

Nafasi za kazi katika uwanja wa ndege huwavutia walaghai. Ishara yao kuu ni kuitisha pesa: ya fomu, ya sare, ya kumwona mkubwa fulani. Mwajiri halali hauzi kazi. Usajili wa makurutu wa jeshi, likiwemo jeshi la wanahewa, haulipiwi chochote. Anayeahidiwa kazi katika mashirika ya ndege ya Ghuba kupitia wakala, athibitishe kwanza kwamba wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kadhalika, ajira nyingi za uwanjani huhitaji cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kesi moja ya vurugu za mtaani inaweza kukugharimu kibali cha kuingia eneo la ndege.

Kwa walio shuleni

Mwanafunzi ambaye bado yuko shuleni asipuuze hisabati, fizikia, jiografia na Kiingereza. Kwa walioingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026 chini ya mtaala mpya, mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ndio unaomweka karibu zaidi na ndege. Wasichana nao wasidanganywe kwamba kazi hii si yao. Kapteni Irene Koki Mutungi aliajiriwa na Kenya Airways mwaka 1993, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuhitimu kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner.

Baba yake Koki pia alikuwa rubani, na hapo pana funzo. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya rubani husikia mezani mambo ambayo wa Kayole hulazimika kuyatafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mzazi, kabla ya kutafuta mnunuzi wa shamba, chukua siku moja umpeleke mwanao Embakasi na Wilson, mwulize maswali haya pamoja, na majibu myaandike. Daktari akishasema ndiyo, na hesabu ya hatua ya kwanza ikishatimia, hapo ndipo pa kuanza kulipa.