KABLA HUJABONYEZA "NAKUBALI": Kazi yako itabaki ya nani?



Hii ya leo ni ya wale mnaouza kitu mlichoandika wenyewe: simulizi za kulipia kwenye magrupu ya WhatsApp, PDF za mapishi, mafunzo ya kushona, notsi za wanafunzi. Na wewe unayeuza viatu usipite. Picha unazopiga na maelezo unayoandika ni kazi yako pia.

Ukianza kupata wasomaji, ipo siku jukwaa fulani litakufuata: "Tuwe washirika, weka kazi zako kwetu, tutagawana mapato." Sio jambo baya. Wao wana wasomaji wengi ambao wewe peke yako na bando lako huwafikii, na wana mfumo wa kukusanya pesa. Lakini biashara ni kupeana. Wao wanakupa wateja, je wewe unawapa nini?

KUPANGISHA SIO KUUZA

Hakimiliki ichukulie kama nyumba. Ukiandika simulizi, nyumba ni yako hata kama hujaisajili popote. Jukwaa likitaka kuitumia, kuna njia mbili.

Ya kwanza, unawapangishia. Wanapewa ruhusa ya kuitumia, hati inabaki kwako. YouTube inafanya hivi: video inabaki mali yako, wao unawapa ruhusa ya kuionyesha. Ukiingia kwenye mpango wao wa washirika, video ndefu za kawaida zinakupa 55% ya mapato ya matangazo yanayowekwa kwenye video yako.

Ya pili, unawauzia. Hati inahama. Kuanzia hapo wakitaka kutengeneza filamu, kutafsiri au kuuza kwa mtu mwingine, hawana haja ya kukuuliza.

Shida ni kwamba kuna mikataba inaitwa ya kupangisha, ila ukisoma masharti yake unakuta nyumba imeshaenda.

KILICHOTOKEA CHINA MWAKA 2020

China simulizi za mtandaoni ni biashara kubwa sana. Tovuti ya Qidian ilianza kuuza riwaya sura kwa sura mwaka 2003. Msomaji anasoma sura za mwanzo bure, zinazofuata analipia kidogo kidogo. Ukiangalia ni kama magrupu yetu ya simulizi, ila wao wana mamilioni ya wasomaji. Leo Qidian iko chini ya kampuni ya China Literature, ambayo ni ya kundi la Tencent.

Mwisho wa Aprili 2020 uongozi wa China Literature ulibadilika, na waandishi wakaanza kusambaziana mkataba wa kampuni na kuusoma mstari kwa mstari. Walilalamikia mambo kama haya:

Kampuni ishike haki za kazi mpaka miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kwa sheria ya China, hakimiliki ya mtu yenyewe inaisha miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake mwandishi na watoto wake hawabakiwi na kitu cha kurudishiwa.

Pia maneno ya mkataba yalimweka mwandishi kama mtu aliyekodiwa kuandika, huku hana haki za mwajiriwa. Na waliogopa kwamba kampuni itagawa kazi zao bure ili ipate pesa za matangazo. Kwa mtu anayekula kwa kuuza sura, hapo ni sawa na kufungiwa duka.

Tarehe 5 Mei 2020 waandishi wengi wakagoma. Hawakupandisha sura mpya siku hiyo. Kampuni ikasema haina mpango wa kufanya kila kitu kiwe bure, ikakaa na waandishi, na tarehe 3 Juni ikatoa mikataba mipya. Safari hii mwandishi alipewa aina kadhaa za kuchagua, na akawa na sauti kuhusu kazi yake kusomwa bure au kwa kulipia.

Mkataba sio msahafu. Hata kampuni kubwa kiasi hicho ilibadilisha wa kwake baada ya watu kuusoma na kusema hapana.

MASWALI 6 YA KUULIZA KABLA YA KUSAINI

1. Hati inabaki kwa nani? Tafuta maneno "hakimiliki inabaki kwa mwandishi". Ukikuta "anahamisha haki zote", ujue unauza.

2. Kwa muda gani? Mwaka mmoja unavumilika. "Milele" au "muda wote wa hakimiliki" ni maisha yako yote na zaidi. Tanzania na Kenya nako hakimiliki ya kazi ya maandishi inadumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki.

3. Naweza kuuza kwingine? Mfano mzuri ni KDP Select ya Amazon. Wanataka kitabu chako cha kidijitali kisiuzwe sehemu nyingine kwa siku 90, ila cha karatasi unauza popote. Muda ukiisha unaweza kutoka. Lakini angalia: usipozima, siku 90 zinaanza tena zenyewe.

4. Asilimia ya nini? Hapa wengi wanapigwa. Tuseme sura imeuzwa shilingi 1,000 na mgawo ni 50%. Kama ni 50% ya mauzo, unapata 500. Kama ni 50% ya kinachobaki baada ya gharama, na gharama wameandika 400, unapata 300. Asilimia ni ileile, mfukoni ni tofauti. Na gharama anaandika yeye.

5. Filamu, sauti na tafsiri ni za nani? Simulizi inayopendwa inaweza kuzaa vitu vingine. Kama mkataba ni wa kusomwa kwenye programu yao, uishie hapo. Mengine mtakubaliana yakifika.

6. Nikitaka kutoka? Notisi ni siku ngapi? Wanafuta kazi zangu? Pesa ambayo haijatolewa nitalipwa lini?

SASA NIKUBALI AU NIKATAE?

Sio kila sharti gumu ni la kukimbia. Kama wanakupa pesa ya maana mkononi, au simulizi ile ulishaivuna vya kutosha, unaweza kuuza moja kwa moja. Ila uza kwa bei ya nyumba, usiuze kwa kodi ya mwezi mmoja.

Kama bado unajenga jina, wape kazi moja kwanza. Nyingine baki nazo. Malipo ya miezi mitatu yatakuonyesha wao ni watu wa aina gani.

Ukiona kipengele hakieleweki, waandikie uulize, na jibu wakupe kwa maandishi. Jibu la kwenye simu halina ushahidi. Mkataba pia upige picha ya skrini siku uliyokubali, kwa sababu masharti ya mtandaoni hubadilika.

Na usiache kamwe kutunza namba za wateja wako. Jukwaa linaweza kufunga akaunti yako leo. Daftari lenye majina ya watu 200 wanaopenda kazi zako hakuna wa kukufungia.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza simulizi. Una mkataba na kuna kipengele kinakuchanganya? Kiandike hapo chini bila kutaja majina, tukisome pamoja.