Mjenzi wa Tovuti na Jicho la Mchoraji

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa yapata karne ya 16 kwa mawe matupu, pasipo chokaa wala udongo wa kuyashika, na ambazo mwaka 2018 UNESCO ilizitia katika orodha ya urithi wa dunia. Azitazamaye hustaajabia uzuri wake, ilhali uzuri huo haukutokana na nakshi, bali na jinsi kila jiwe lilivyochaguliwa na kulazwa mahali pake. Hata ni muhali kusema uashi uliishia wapi na sanaa ikaanzia wapi.

Kuta hizo hunijia akilini kila nisikiapo vijana wa Migori na Homa Bay, wanaojifunza kujenga tovuti, wakiuliza kama ni faradhi mwandishi wa programu awe pia hodari wa rangi, herufi na umbo la ukurasa. Kijana asiyejaliwa kipaji cha kuchora huona haya, akadhani amekosa sharti la kazi. Naona amechanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo unamdhulumu.

Tovuti zilianza bila pambo. Kurasa alizozitoa Tim Berners-Lee mwaka 1991 zilikuwa maandishi na viungo tu, hata mwaka 1994 Håkon Wium Lie akatoa rai ya lugha ya pekee ya kuamuru sura ya ukurasa, iitwayo CSS, ambayo ilipata idhini rasmi Desemba 1996. Tangu hapo sura na matini vikaandikwa mbalimbali, na katika makampuni makubwa watu nao wakagawana: huyu huchora, yule huandika msimbo. Lakini ugawaji huo ni neema ya wenye mali. Shule ya Rongo au nyumba ya wageni ya Mbita ikitaka tovuti humtafuta mtu mmoja, na ujira ni wa mtu mmoja.

Basi mtu huyo ajue nini? Na tumwazie mama mchuuzi wa omena ufuoni Homa Bay, jua la saa saba limemwagika juu ya ziwa, mkononi ana simu ya kioo kilichopasuka, naye anatafuta bei katika ukurasa ulioandikwa kwa herufi za kijivu hafifu juu ya weupe. Haoni kitu. Aliyeuandika aliutazama ndani ya chumba chenye kivuli, akauona mzuri. Hapa hakikukosekana kipaji. Ilikosekana hesabu, kwa maana kanuni za kimataifa za kuwafaa watumiaji wote zimeweka bayana kwamba mwangaza wa herufi za kawaida na wa mandhari yake upishane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kipimo hiki mwandishi wa programu aweza kukikokotoa mwenyewe kwa mistari michache ya msimbo. Kadhalika ukubwa wa kitufe, ili gumba lenye maji ya samaki lisikikose. Kadhalika nafasi baina ya aya, na uzito wa picha zinazommalizia mama yule data aliyoinunua kwa shilingi zake. Hayo aghalabu huitwa urembo, nami nayaita adabu mbele ya msomaji, na adabu hufundishika.

Nembo na michoro ni mlango mwingine. Seremala wa mashua hatumdai aandike jina la chombo kwa herufi za kupendeza. Lakini omo ikipinda na ubao ukiachana na mwenziwe, hatukubali udhuru kwamba yeye si mchoraji. Wala si aibu kuazima: tangu mwaka 2011 ipo Bootstrap, ghala la vitufe, majedwali na safu zilizokwisha kupimwa, itolewayo bure, na ukurasa uliojengwa kwayo, hata ukifanana na wa jirani, ni bora kuliko uliopambwa kwa rangi saba na mtu asiyejua pa kukoma.

Ningependa kijana, kabla ya kukabidhi kazi, achukue simu ya bei ndogo, ashuke nayo ziwani adhuhuri, amwombe mtu mzima asiyemjua atafute bei moja tu katika ukurasa ule, kisha anyamaze, asimwelekeze kwa neno wala kwa ishara, atazame kidole chake kinasita wapi.