Magunia Kumi ya Macalder

Mtoto wa gredi ya saba huko Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike nchini Kenya, hahitaji kuambiwa kwamba watu hawalingani. Anajua mwenye shamba ana fungu lake, mwenye shimo ana lake, na walioshuka chini hugawana kilichobaki. Anawajua kina mama wanaoponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu, na anamjua mnunuzi anayetaja bei. Asichofundishwa ni kwa nini mafungu yako hivyo. Mwalimu akinyamaza, mtoto hujijibu mwenyewe: baba ni maskini kwa kuwa hakujitahidi. Jibu hilo linaumiza, tena ni la uongo.

Somo la matabaka lianze hapo, na liwe la hesabu. Tuseme mawe yamejaa magunia 10: mwenye shamba 3, mwenye shimo 3, wachimbaji 8 wagawane 4. Kila mmoja anapata nusu gunia. Sasa wachimbaji haohao waunde ushirika na kulimiliki shimo. Wana magunia 7, kila mmoja karibu gunia zima, na jasho ni lilelile. Wanafunzi wenyewe wataona kilichobadilika. Ila mwalimu asiulize kamwe nani hana viatu au kwao nani anachimba. Aibu humfunga mtoto mdomo, na somo huishia hapo.

Kisha waingie kwenye historia. Mgodi wa kampuni uliotoa shaba na dhahabu hapa tangu enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, wakabaki wachimbaji wa mikono. Mwaka mmoja kabla, Waraka Namba 10 wa serikali ulikuwa umeelekeza fedha za maendeleo kule zitakakozalisha zaidi, yaani kwa walio navyo tayari. Barack Obama, babake rais wa zamani wa Marekani mwenye jina hilohilo na mzaliwa wa Kanyadhiang, Homa Bay, aliukosoa mwaka huohuo wa 1965, akihofia utajiri kurundikana mikononi mwa wachache. Watoto wa Nyatike wanastahili kujua kwamba mjadala huu ulishirikisha mtu wa kaunti jirani.

Kupanda tabaka huchukua muda. Mwaka 2018 shirika la OECD lilikadiria kwamba familia ya kipato cha chini ingehitaji vizazi 2 kufikia pato la wastani nchini Denmark, 9 Afrika Kusini na 11 Colombia. Bidii ya watu haiwezi kutofautiana kiasi hicho. Shule, hospitali na kodi ndizo zinazotofautiana. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, hatua kubwa, lakini shimo bado linawavuta watoto kutoka darasani.

Somo limalizikie kwenye sheria. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 20 ya mrabaha unaolipwa serikali kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa. Darasa laweza kukisoma kifungu hicho, kisha limwalike mwakilishi wa wadi aeleze fungu la Macalder limefika wapi.