Magongo ya Shule: Durban Wanafanyaje, na Sisi Je?

Ukiishi Berea huhitaji saa ya kengele siku ya Jumamosi. Msimu wa baridi ukiingia, kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane hivi, utaamshwa na firimbi, makelele ya wazazi na ule mlio wa "ko!" wa mpira mgumu ukigonga ubao wa goli. Hayo ni magongo, yaani hoki ya uwanjani, si ile ya barafu ya Wakanada.

Mimi miaka yangu ya kwanza hapa nilikuwa navuta blanketi juu ya kichwa, basi. Mpaka dada yangu aliponipigia simu kutoka nyumbani, magharibi mwa Kenya. Binti yake ameitwa na shule moja ya bweni inayosifika kwa magongo. Karo watampunguzia mradi acheze. Dada akaniuliza: "Wewe uko huko kwa wenye kuujua huo mchezo. Niambie ukweli, hii kitu itamfikisha mahali ama itamharibia masomo tu?"

Nikamwomba wiki mbili. Mhandisi akiulizwa swali huenda kwanza kuangalia mtambo unavyofanya kazi. Nikaanza kuamka Jumamosi, nikatazama, nikauliza, nikasoma. Ninawaandikia niliyoyapata kwa sababu karibu kila mmoja wetu ana mdogo wake au mpwa aliye shuleni kule nyumbani.

Mtambo wa Jumamosi

Mtaa wetu umezungukwa na shule kongwe. Durban High School, wenyewe huiita DHS, ilianzishwa 1866. Durban Girls' College ya barabara ya Musgrave ni ya 1877. Ukienda upande wa Glenwood unakutana na Glenwood High ya 1910. DHS inajulikana zaidi kwa kriketi, maana ndiko walikosoma Lance Klusener na Hashim Amla, lakini utaratibu wa michezo ni ule ule.

Wenyewe ni huu. Shule mbili hukubaliana kukutana Jumamosi, na hazileti timu moja moja, zinaleta zote. Walio chini ya miaka 14 wana timu A, B, C, na shule kubwa hufika D na E. Walio chini ya miaka 16 vivyo hivyo. Halafu timu ya tatu, ya pili, na mwishoni, wazazi wakiwa wamekwisha kula boerewors zao, timu ya kwanza inaingia na shule nzima inaimba.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme msimu una Jumamosi 12. Mtoto anakaa sekondari miaka 5, tangu ana miaka 13 mpaka 18. Hizo ni mechi 60, kabla hujahesabu mashindano ya Pasaka na ya likizo. Na huyo ninayemhesabia ni mtoto wa timu C! Wako watoto wanaochelewa kukua. Aliyekuwa mfupi na mzito akiwa na miaka 14 anaweza kuwa beki wa timu ya kwanza akiwa na 17, kwa sababu hakuna aliyemfukuza uwanjani.

Linganisha na kwetu. Kenya magongo ya shule huchezwa hasa muhula wa kwanza, kwa mtindo wa mtoano: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na mabingwa huenda michezo ya Afrika Mashariki, FEASSSA. Mashindano haya ni matamu sana na yametoa wachezaji hodari. Lakini ukishindwa mapema, umekwisha. Shule iliyotolewa ngazi ya kaunti ndogo huenda imecheza mechi mbili tatu za maana mwaka mzima, na hao ni wale 11 wa kwanza na wachache wa akiba. Wa timu B kazi yao ni kubeba mikoba na kushangilia.

Hapa Durban, Jumamosi hizo pia ndizo macho ya wateuzi. Kwa magongo jimbo la KwaZulu-Natal limegawanywa: KZN Coastals ni sisi wa pwani, KZN Inland ni upande wa Pietermaritzburg. Kila upande huchagua timu kwa umri, na katika likizo ya katikati ya mwaka majimbo hukutana. Kutoka hapo huchaguliwa timu za vijana za taifa. Baada ya matriki kuna vyuo vikuu, na tangu 2013 kumekuwa na mashindano ya Varsity Hockey. Kwa hiyo mtoto akimaliza hatua moja anaiona inayofuata kwa macho yake.

Walioipanda ngazi hii ya Afrika Kusini ni wengi. Marsha Cox, aliyezaliwa hapa Durban 1983 na zamani akiitwa Marescia, alicheza Olimpiki za 2004, 2008 na 2012, akawa nahodha wa taifa na akacheza Uholanzi. Kipa Phumelela Mbande, mzaliwa wa Pietermaritzburg, alibeba bendera ya nchi yake pamoja na muogeleaji Chad le Clos kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021.

Kapeti si mapambo

Hapa mniruhusu niongee kama fundi. Uwanja wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Chini kabisa kuna kokoto zilizoshindiliwa, juu yake lami, kisha tabaka la mpira la kupunguza mshtuko, halafu kapeti la nyuzi fupi za plastiki. Kapeti la daraja la juu halina mchanga ndani yake, hunyunyiziwa maelfu ya lita za maji kabla ya mechi. Maji hupunguza msuguano, mpira unakwenda kasi na kwa mstari ulionyooka, na mchezaji akianguka ngozi haiungui.

Hili linabadilisha mchezo wote. Kwenye nyasi za kawaida, au kwenye kile kiwanja chetu cha vumbi chenye kichuguu karibu na goli, mpira unaruka ovyo, kwa hiyo mtoto lazima autazame mpaka ufike gongoni. Kwenye kapeti anauamini, anainua macho na kuwatazama wenzake. Akizoea hivyo tangu ana miaka 13, akifika 20 anafikiri haraka kuliko aliyejifunzia vumbini, hata kama wa vumbini ana mbio na kipaji kumzidi.

Ushahidi tunao wenyewe. Mwaka 2022 wasichana wa Kenya walikwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, na New Zealand wakawafunga 16-0. Watu nyumbani walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua wanafanyia mazoezi wapi.

Tuliwahi kuwa juu

Wengi wa rika langu hawajui kwamba Kenya ilikuwa miamba ya mchezo huu. Tulicheza Olimpiki kuanzia 1956, na Tokyo 1964 tukashika nafasi ya 6. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne! Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972. Wachezaji wengi wa timu hizo walikuwa Wakenya wa asili ya Kihindi na Kigoa, waliokulia kwenye shule na klabu za jamii zao Nairobi, kama Sikh Union. Yaani ilikuwa ngazi ile ile ninayoiona Berea: shule, klabu ya jirani, mechi kila mwisho wa wiki, timu ya taifa.

Uganda nao walicheza Munich 1972, kikosi chao kikiwa na Waasia wengi. Mwezi huo huo wa nane michezo ilipofunguliwa, Idi Amin alikuwa ameshatangaza kuwafukuza Waasia nchini. Kenya hakukuwa na amri kama ile, lakini familia nyingi ziliondoka kwa hiari au kwa wasiwasi, na shule zikapoteza walimu na wachezaji wake.

Kisha likaja kapeti. Olimpiki ya kwanza kuchezewa magongo juu ya nyasi bandia ilikuwa Montreal 1976. Sisi hatukuwepo. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu New Zealand walikuwa wamekuja kucheza raga hapa hapa Afrika Kusini ya ubaguzi. Moscow 1980 Kenya tukasusia tena. Tanzania walikwenda, wakafungwa na India 18-0. Kapeti letu la City Park, Nairobi, lilikuja na Michezo ya Afrika ya 1987, miaka 11 baada ya Montreal. Tukatwaa dhahabu, tukaenda Seoul 1988, na tangu hapo hatujaonekana Olimpiki kwa mchezo huu.

Ila hatukufa. Kazi ilihamia shule za bweni za magharibi: Sinyolo, Nyamira na Tigoi kwa wasichana, St. Anthony's Kitale, Musingu na Kamusinga kwa wavulana. Wasichana wa shule hizo ndio waliojaza timu ya Telkom, iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Kampuni ilipojiondoa, timu haikuvunjika, iliendelea kwa jina la Blazers.

Pesa inatoka wapi?

Tusidanganyane kwamba Durban wana siri. Wana pesa, na pesa hiyo ina historia. Shule nyingi hizi zilikuwa za Wazungu peke yao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya Shule ya 1996 ikazipa bodi za shule za serikali uwezo wa kutoza karo kwa idhini ya wazazi. Ndiyo maana shule ya serikali inaweza kuajiri kocha wake na kutunza uwanja unaogharimu mamilioni ya randi, wenye kapeti la kubadilishwa kila miaka kumi hivi. Panda teksi uende Umlazi au KwaMashu uone kama utasikia ule mlio wa "ko!" Jumamosi asubuhi. Baadhi ya shule hutoa basari kwa watoto wenye vipaji kutoka huko, na ni jambo jema, lakini basari humchukua mtoto mmoja na kuiacha shule yake ilivyokuwa.

Na "kulipwa" je?

Hapa ndipo dada yangu aliposhangaa. Magongo ya kulipwa yapo, lakini ni machache. Klabu za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani hulipa wachezaji wa nje, na ligi ya India, iliyosimama baada ya 2017, ilirudi mwishoni mwa 2024. Afrika Kusini kwenyewe mchezaji wa taifa mara nyingi amelazimika kuchangia gharama za safari kutoka mfukoni mwake. Tokyo wanaume wao waliwafunga Wajerumani 4-3, na bado wengi wana kazi nyingine ya kuwalisha. Mwaka 2015 timu zao zote mbili zilifuzu kwenda Rio kwa ubingwa wa Afrika, kamati yao ya Olimpiki ikakataa kuzipeleka, ikisema njia ya Afrika ni nyepesi mno. Fikiria umecheza tangu una miaka 13, umefika juu kabisa, unaambiwa mlango umefungwa.

Kwa hiyo kwa walio wengi malipo ya magongo ni masomo. Vyuo vya Marekani hutoa ufadhili kwa wasichana wa magongo. Wavulana hawana nafasi hiyo, kwa sababu NCAA huendesha magongo ya wanawake tu. Kwetu Kenya, vyuo kama USIU na Strathmore vina timu kwenye ligi kuu, na polisi wana timu inayompa mchezaji ajira.

Nilichomwambia dada

Nilimwambia ampeleke, lakini kwanza aiulize shule maswali matatu. La kwanza: timu yenu ya pili hucheza mechi ngapi kwa mwaka? Kama jibu ni kicheko, ajue binti akiumia goti mwaka wa kwanza atasahaulika. La pili: baada ya mazoezi, nani anakaa nao kwenye prepu? La tatu: waliomaliza miaka minne iliyopita wako wapi sasa? Wakitaja vikombe badala ya watu, arudi nyumbani akafikirie upya.

Na sisi tutakaorudi kuwa walimu, wahandisi na wajumbe wa bodi za shule, tusianze kwa kulilia kapeti. Litakuja. FIH yenyewe imekuwa ikisukuma makapeti yasiyohitaji maji, na hiyo ni habari njema kwa kaunti zenye visima vikavu. Tuanze na kile ambacho Berea wanacho na hakigharimu mamilioni: shule nne zilizo karibu, ratiba ya Jumamosi ya muhula mzima, na timu B, C na D zote kwenye basi. Wakikosa basi, watembee, kama sisi tulivyotembea.

Dada alienda na maswali yake. Mawili shule ilimjibu vizuri. La timu ya pili, mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza hilo.

Anayetaka kujionea, Jumamosi mimi huteremka Umbilo, uwanja wa Queensmead. Njooni na jaketi, asubuhi kuna baridi.