Tuwatambue Bata Mwitu Kabla ya Kuwalaumu

Mkulima wa mpunga akiona kundi la bata mwitu likitua shambani jioni, hufikiria hasara. Lakini si kila bata ni mla mpunga. Kamati zenye miradi ya mpunga au mabwawa zinashauriwa kuangalia mambo matatu: umbo, mdomo na mahali ndege anapokaa.

1. Bata mwenye uso mweupe. Shingo na miguu yake ni mirefu, husimama wima na hulia kwa mluzi. Hukaa kwa makundi vinamasini na mashamba yaliyofurika. Hula mbegu, hasa usiku, na mpunga ni mojawapo.

2. Bata mwenye nundu. Dume ana nundu kubwa juu ya mdomo, kichwa cheupe chenye madoa meusi na mgongo mweusi unaong'aa. Jike ni mdogo, hana nundu. Hutaga kwenye mashimo ya miti. Huyu pia hula mpunga.

3. Bata mwenye mdomo wa njano. Mwili ni wa kijivu, na mdomo una alama nyeusi katikati. Huonekana sana kwenye maziwa na mabwawa ya nyanda za juu.

4. Bata mweusi wa mito. Ana madoa meupe mgongoni na miguu ya rangi ya chungwa. Huishi wawili wawili kwenye mito ya milimani yenye maji ya kasi. Kwa kawaida hamtamwona katika mashamba ya mpunga.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Mwaka 2009, huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti walieleza jinsi ndege walivyotegewa sumu ya wadudu aina ya karbofurani, kisha wakauzwa kama kitoweo. Sumu haichagui: huua korongo na ndege wengine wasio na hatia, na nyama yake ni hatari kwa familia.

Kwa hiyo, msile wala kuuza bata aliyekutwa amekufa. Msimshike kwa mikono mitupu, maana huenda ana mafua ya ndege; toeni taarifa kwa afisa mifugo. Kuhusu mpunga, oteni mbegu kwenye kitalu kisha mpandikize miche. Kitalu kidogo ni rahisi kukilinda usiku kuliko shamba zima lililomwagiwa mbegu.