Amri ya debugger: kuisimamisha programu pale hesabu inapoharibika

Basi la Tanga kwenda Dar es Salaam likiondoka saa 11 alfajiri, kompyuta huandika 05:00. Anayetengeneza ukurasa wa ratiba kwa JavaScript mara nyingi hutoa 6, kisha huchukua baki la kugawanya kwa 12. Lakini 5 kutoa 6 ni −1, na JavaScript haiondoi alama ya hasi kwenye baki. Abiria wa Ngamiani, Tanga, anasoma "saa −1". Nduguye aliyeko Toronto, majira ya kiangazi, anafungua ukurasa huohuo. Kivinjari kinafuata saa ya simu yake, 22:00, na kumwonyesha saa 4 usiku. Hashtuki.

Hitilafu ya namna hii ndiyo inayotutesa sisi tunaoandikia nyumbani tukiwa mbali. Ukibofya namba ya mstari ndani ya kivinjari, programu husimama kila ipitapo hapo, na kituo hicho hubaki kwenye mashine yako peke yako. Badala yake, andika amri ya debugger ndani ya msimbo, hivi:

if (saa < 1) debugger;

Sasa itasimama pale tu saa inapokuwa 0 au hasi. Mtumie mwenzako wa Tanga faili hilo, nako itasimama, naye atasoma kilichomo katika kila kigeu, mradi amefungua zana za wasanidi. Zikiwa zimefungwa, amri hupitwa tu.

Neno hili lina historia ndefu. Brendan Eich aliiunda JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape. Kiwango cha kwanza cha lugha hiyo, kiitwacho ECMAScript, cha 1997, kililiweka akiba neno debugger bila kulipa kazi. Kazi rasmi lilipewa katika toleo la 5, Desemba 2009. Katikati hapo, mwaka 2006, Joe Hewitt alitoa Firebug, zana ya kusaka makosa ndani ya kivinjari cha Firefox, na wengi waliokuwa wakisaka makosa kwa vijisanduku vya alert wakapata kuiona programu ikiwa imesimama. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa zaidi.

Dawa ya ratiba yetu ni kujumlisha 6 badala ya kutoa, 0 isomwe 12, na kutaja ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam ili hata Toronto isome saa ya Tanga. Kisha futa ule mstari kabla ya kupandisha ukurasa. ESLint, zana ya kukagua msimbo, ina kanuni ya no-debugger ya kukukumbusha.