Michezo 312 na Jioni Moja



Mwezi huu ninataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wazee wengine watalicheka. Ni michezo ya video. Sitaki kuuliza kama kucheza ni dhambi ao si dhambi, tulikwisha kusema juu ya ile mara nyingi. Ninataka kusema juu ya michezo ambayo mtu anayo lakini hachezi, ile inayojaa ndani ya mashini mpaka inamchosha mwenyewe.

Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kolwezi aliondoka miaka nane iliyopita, sasa anafanya kazi Ubelgiji. Baba yake alipofariki, alikuja kwa matanga, akakaa majuma mawili. Jioni moja, watu wakiisha kurudi kwao, alifika kwangu akaketi chini ya mwembe. Nilifikiri atalia juu ya baba yake. Kumbe alitoa katika mfuko mashini moja ya kucheza, ya kushika mkononi, akanionyesha orodha ndefu.

“Pasta,” akasema, “miko na jeu mia tatu na kumi na mbili humu. Ile nilichezaka, labda makumi ine. Ile nilimalizaka, tisa tu.”

“Na nani anakudai, mwanangu?”

“Hakuna mutu. Lakini kila usiku ninasikia kama deni.”

Akanieleza. Anatoka kazini saa mbili ya usiku, amechoka. Anafungua orodha, anaishusha, anaipandisha, nusu saa inapita. Anachagua mmoja, anacheza dakika kumi, anafikiri ile mingine inayongoja, anafunga. Analala amechoka, na kucheza hakucheza.

Kisha akashusha sauti. “Mudogo wangu wa miaka kumi na ine, tangu siku nilifika anangojea tucheze mupira pamoja. Jana tuliunga mashini kwa televizyo. Nikasema, ngoja nikuonyeshe hii kwanza, ngoja na hii. Kuran ikakatika. Akaenda kulala bila kucheza. Na miye kesho kutwa narudi.” Akanyamaza. “Na baba pia, Pasta. Nilikuwa nasema, nitamwita juma linalokuja.”

Hapo niliacha kucheka.

Rundo linatoka wapi?

Wazazi wengi hawajui namna mambo haya yanavyokwenda, basi niyaeleze kama alivyonieleza yeye, na kama nilivyosoma mimi mwenyewe.

Zamani mchezo ulikuwa kitu cha kushika: kaseti ao disiki ndani ya sanduku. Mtu alinunua mmoja, akaucheza mpaka mwisho, akabadilishana na jirani. Katika mwaka 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha Steam. Ile imekuwa duka la michezo ndani ya intaneti. Unabonyeza, unalipa, mchezo ni wako, hakuna sanduku wala nafasi inayojaa nyumbani. Mara kadhaa kila mwaka duka lile linashusha bei, na michezo mingine inapunguzwa 75 kwa mia, hata 90 kwa mia. Mchezo wa dolari 40 unauzwa kwa dolari 4. Duka lingine, la Epic Games, lilifunguliwa Desemba 2018, na lilianza kutoa michezo mingine bure kabisa ili kuvuta watu.

Sasa fikiri. Mtu akiona dolari 4, hajiulizi tena, “Nitaucheza leo?” Anajiuliza, “Na bei ikipanda kesho?” Ananunua kwa kuogopa. Katika mwaka 2014 mwandishi wa gazeti la Ars Technica alichunguza hesabu za Steam. Akaona kwamba karibu michezo 37 katika kila 100 ambayo watu walikuwa nayo ilikuwa haijafunguliwa hata mara moja. Na michezo haiachi kuja. Katika mwaka 2024 peke yake, michezo mipya zaidi ya 18,000 iliingia katika duka lile moja.

Wajapani wana neno la jambo hili: tsumige, maana yake michezo iliyorundikwa. Walilitoa katika neno lingine la zamani, tsundoku, la mtu anayenunua vitabu na kuvirundika bila kuvisoma. Na wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaita rundo lao “rundo la aibu”. Wandugu, sikilizeni jina hilo! Kitu kilichonunuliwa kwa furaha kimegeuka aibu.

Tulifanya hesabu

Nilichukua kaye ya mtoto wangu na kalamu. Michezo 312, toa 40 aliyoicheza, inabaki 272. Nikamwuliza mchezo mmoja unataka saa ngapi. Akasema mingine saa tatu, mingine saa 50 na zaidi. Tukaweka saa 15 kwa kila mmoja. Ni saa 4,080. Akicheza saa moja kila siku, bila kukosa hata siku ya ibada, hata siku ya ugonjwa, ni zaidi ya miaka 11. Na tuliweka kwamba hatanunua mwingine hata mmoja.

Akaangalia kaye muda mrefu. Akasema, “Basi siwezi.”

Nikamjibu, “Ndiyo, mwanangu, huwezi. Na hiyo ndiyo habari njema ya jioni hii.”

Kwa sababu deni ambalo haliwezekani kulipwa, tena hakuna mtu anayelidai, si deni. Ni mzigo uliojitwika mwenyewe. Na mzigo uliojitwika unaweza kuutua.

Wingi unachosha macho

Wengine watasema kwamba kijana huyu ni mvivu wa kuchagua. Hapana. Katika mwaka 2000 wachunguzi wawili Wamarekani, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walitoa habari ya jaribio walilofanya katika duka moja la chakula. Saa nyingine waliweka mezani aina 24 za konfitiri, saa nyingine aina 6 tu. Meza yenye aina 24 ilivuta watu wengi zaidi. Lakini kati ya waliosimama pale, karibu 3 tu kwa mia walinunua. Kwenye meza ya aina 6, walinunua karibu 30 kwa mia. Wachunguzi wengine waliojaribu nyuma yao hawakuona hivyo kila mara. Lakini mama yeyote aliyekwenda sokoni kununua kitenge anajua: vikitandikwa viwili utachagua upesi, vikitandikwa makumi sita utarudi nyumbani na kichwa kinauma.

Na tusiseme kwamba ni mambo ya Ulaya tu. Hapa kwetu vijana wanajaza telefone mpaka haina nafasi ya picha ya mama yao. Wanabeba disiki zilizojaa michezo iliyonakiliwa, na hawajui hata majina yake. (Tena, mchezo ulionakiliwa bila ruhusa ni mali ya mtu mwingine. Tusijifiche nyuma ya umaskini.) Na mimi Pasta wenu, chini ya kitanda changu kuna katoni mbili za vitabu nilizozileta tangu shule ya Biblia. Bibi yangu anazifagia pembeni kila Jumamosi. Nilivichukua vitabu vile kwa sababu vilikuwa bure. Basi sihukumu mtu.

Ninyi mnaoishi karibu na mashimo mnaelewa zaidi. Mchimbaji anayejaza magunia kumi na kuyaacha juu ya shimo, bila kufikisha hata moja kwenye depo, jioni anarudi kwa watoto mikono mitupu. Mwenzake aliyebeba gunia moja tu anarudi na unga. Kobalti ya hapa kwetu inaingia katika betri nyingi za mashini kama ile ya kijana wetu. Baba zetu wanaitoa chini kwa jasho. Ingefaa jioni inayopatikana kwa jasho lile iwe jioni ya kweli.

Mana ya jana

Fungueni Kutoka 16. Mungu aliwapa Waisraeli mana jangwani, na kila mtu alipaswa kukusanya kipimo cha siku ile. Lakini wengine waliweka akiba mpaka asubuhi, na ile akiba ikaingia wadudu, ikanuka. Sababu gani waliweka? Waliogopa kwamba kesho haitaanguka. Ni woga uleule wa mtu anayenunua kwa sababu bei itapanda. Kumbe kesho mana ilianguka tena. Na bei ya chini nayo inarudi kila mwaka.

Tena katika Matayo 6 Yesu anatuonya juu ya hazina za duniani, ambazo nondo na kutu vinaziharibu. Kuna mtu atasema, “Mchezo wa intaneti hauna kutu.” Basi sikia. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari unaoitwa The Crew katika mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima mashini zake kubwa zilizouendesha. Siku ile, hata mtu aliyelipa hakuweza tena kuucheza. Aliyeucheza na rafiki zake anabaki na kumbukumbu. Aliyeuweka akiba, amebaki na nini?

Na katika Marko 2 Yesu anaonyesha kwamba hata siku ya pumziko iko kwa faida ya mtu. Kucheza ni pumziko dogo. Pumziko likikugeuza mtumwa, limeacha kuwa pumziko.

Mashauri kwa vijana na wazazi

1. Andika orodha yako kwa kalamu, si kwa kichwa. Kisha kata bila huruma kila mchezo ulioupata tu kwa sababu ulikuwa bei ndogo ao bure. Kijana wetu alikata 240 jioni ile. Pesa ilikwisha kwenda, usiongeze na usiku wako.

2. Katika ile inayobaki, chagua mitatu tu. Mingine ifiche, usiione kila siku.

3. Mchezo usiokufurahisha, uache. Hujaapa mbele ya madhabahu kwamba utaumaliza.

4. Funga kununua, kama tunavyofunga chakula. Sema: miezi mitatu sinunui, sipakui. Nyuma ya hapo, mmoja ukiingia, mmoja utoke.

5. Weka saa. Masomo kwanza, kazi ya nyumbani kwanza, na mwisho ujulikane kabla ya kuanza.

6. Mchezo wa watu wawili upite mbele ya mchezo wa mtu mmoja. Mashini itangoja. Mdogo wako anakua.

Wazazi, msichanganye mambo. Kuwa na rundo si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni limeandika shida ya kucheza kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, ile inayotumika tangu Januari 2022. Inaonekana pale mtu anashindwa kujizuia, anaacha masomo, kazi na watu kwa ajili ya michezo, anaendelea hata akiona hasara, na kwa kawaida hali ile inadumu miezi 12 ao zaidi. Mkiona hivyo kwa mtoto, msipige, msimwite shetani. Zungumzeni naye, na mtafute muganga wa hospitali pamoja na maombi.

Jioni ya kesho yake

Siku ya mwisho kabla ya safari, kuran ilikuwako mpaka saa tatu ya usiku. Nyumba ya matanga haiko mbali na yangu. Nilisikia kelele, nikafikiri ni ugomvi, nikaenda. Kumbe ni mdogo amefunga bao. Mama yao, mjane, alikuwa ameketi nyuma yao na kitambaa cha matanga kichwani, akauliza, “Ile ya bekundu njo yako?” Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mazishi.

Nilisimama mlangoni kidogo, nikarudi.

Sasa miezi imepita. Kijana aliniandikia kwamba kila Jumamosi jioni anawaita mama na mdogo wake kwa telefone kabla ya kufungua mashini. Amemaliza michezo miwili. Rundo lingali pale, hakulimaliza wala hatalimaliza. Anasema siku hizi analiangalia kama mtu anavyoangalia soko anapopita njiani: ni vitu vingi, si vyote vyake, anaendelea na safari.

Na mimi? Nilifungua katoni moja. Vitabu kumi na vinne nilivipeleka kwa wanafunzi wa shule ya Biblia. Kimoja kiko mezani, nimefika ukurasa wa 60.

Bwana awabariki.

Maswali ya kuzungumza nyumbani ao katika kikundi cha vijana

1. Nyumbani mwetu ni rundo gani linalotuchosha: michezo, nguo, vitabu, nyimbo katika telefone?

2. Soma Kutoka 16:13-30. Mbona siku ya sita Mungu aliruhusu kuweka akiba? Kuna tofauti gani kati ya akiba na woga?

3. Ni nani anayekungojea jioni ya leo, wakati wewe ungali unachagua?